KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOSAHIHISHA KIFO CHA UYOGA MAMA

Chama cha Wafugaji wa Matumbawe Laini, Semarang

Tarehe: Jumapili, 18 Mei 2025
Mahali: Sebuleni kwa Mwenyekiti
Waliohudhuria: Bu Suprihatin (Mwenyekiti), Mas Galih (Mweka Hazina), Pak Yustinus (Katibu) na wanachama sita
Mwalikwa: Pak Wasis, mwanachama wa zamani
Wasiohudhuria: Pak Tarjo (udhuru), Bu Lestari (hakutoa taarifa, mara ya tatu)

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Pak Wasis aliketi karibu na mlango ingawa viti vya mbele vilikuwa wazi. Mwenyekiti alitaka kujua nani amemwalika. Katibu alikiri kwamba ni yeye.

KUMB. NA. 2/2025: TUMBAWE LA MAS GALIH
Mas Galih alieleza kwamba uyoga wake, yaani tumbawe lenye umbo la uyoga, umejikunja siku ya nane sasa, umefunikwa na utando kama nta, naye anafikiria kuutupa. Alisema, "Umeninunia kama mama mkwe." Katibu alimkumbusha kwamba tumbawe la aina hii hujivua ngozi. Asilikwangue. Aelekeze mkondo wa pampu ulipitie kwa juu, abadilishe sehemu ya kumi ya maji kila wiki, na asubiri. Mas Galih alijibu, "Mbah Yus, babu yangu, ungekuwa daktari, wagonjwa wako wote wangekufa kwenye foleni." Wote walicheka, isipokuwa Pak Wasis.

KUMB. NA. 3/2025: KUSAHIHISHA KUMB. NA. 5/2019
Katibu aliomba kusahihisha kumbukumbu alizoandika mwenyewe tarehe 23 Juni 2019. Mwenyekiti alisema jambo hilo ni la zamani na ndizi za kukaanga zinapoa. Katibu alieleza kwamba madaktari wamempa miezi miwili, hivyo huenda asifike kikao kijacho. Aliruhusiwa kuendelea.

Katibu aliwakumbusha wanachama kwamba vipandikizi vyote vya chama vilikatwa kutoka tumbawe moja, Uyoga Mama, lililokaa kwa kila mwanachama mwaka mmoja kwa zamu. Mwaka 2019 lilikuwa kwa Pak Wasis. Sikukuu ya Lebaran, yaani Idi, ilipofika, wanachama walikwenda makwao na kumwachia Katibu funguo, kama kila mwaka, kwa kuwa yeye ni Mkatoliki na hasafiri siku hizo.

Siku ya pili ya sikukuu Katibu alikuta Uyoga Mama umeanguka kifudifudi mchangani. Aliingiza mkono hadi kiwikoni akausimamisha. Asubuhi hiyo alikuwa amejichua bega na mkono kwa kayu putih, mafuta makali ya kuchulia, na hakunawa. Kesho yake maji yalikuwa meupe na yenye uvundo, na tumbawe linayeyuka kuwa ute. Katibu, aliyefundisha kemia miaka thelathini na moja, alielewa papo hapo kwamba ni mafuta ya mkono wake. Hakuweka mkaa wa kufyonza sumu kwenye chujio wala hakubadilisha maji, kwa sababu kufanya hivyo kungeonyesha kwamba anajua.

Katika kumbukumbu za tarehe 23 Juni iliandikwa kwamba Katibu alipima maji akakuta shaba, ambayo ni sumu kwa matumbawe, na kwamba kabatini mwa Pak Wasis kulikuwa na chupa ya dawa ya samaki yenye shaba. Katibu sasa anasema: kipimo hakikuonyesha shaba. Chupa ilikuwapo, lakini kizibo chake kilikuwa hakijafunguliwa. Pak Wasis alifukuzwa, na wanachama wakakatazwa kumpa kipandikizi chochote.

Mwenyekiti alisema ameshtushwa. Mas Galih alikumbusha kwamba siku ile Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kura ya kumfukuza, na kwamba tangu hapo tumbawe la tangi lake ndilo linaloitwa Mama. Mwenyekiti alimtaka Mas Galih aongee yanayohusu hazina.

Mwenyekiti alipendekeza ukurasa wa mwaka 2019 uchanwe na Pak Wasis arudishiwe uanachama. Pak Wasis aliomba maneno yake yaandikwe kama atakavyoyasema:

"Msichane, Bu. Mkichana itaonekana sikufukuzwa. Nilifukuzwa."

Katibu alimwomba msamaha. Pak Wasis alisema:

"Pak Yus, wewe unataka ufe umetulia. Sawa. Mke wangu alikufa mwaka juzi, na mpaka hospitali alikuwa ananiuliza: Mas Wasis, ile dawa uliitia ya nini? Nakataa, nakataa, mwisho nikamwambia niliitia, nilichanganyikiwa tu, ili anyamaze. Baada ya hapo hata mimi sikuwa na hakika. Miaka miwili sasa naishi na mkono wangu kama wa mtu mwingine."

Mwenyekiti alimsogezea sahani ya ndizi; hakuchukua.

Mas Galih alisema yuko tayari kumpa kipandikizi leo hii. Pak Wasis alijibu, "Tangi nimeshaliuza, Mas. Sasa hivi wanafugia kambale."

Iliazimiwa kwamba ukurasa wa mwaka 2019 ubaki ulivyo, na kumbukumbu hizi zibandikwe kando yake. Pak Wasis aliomba nakala yenye muhuri. Mwenyekiti aliuliza ataipeleka wapi.

"Ijumaa naenda makaburini na maua. Nitamsomea."

Mwenyekiti alileta muhuri.

KUMB. NA. 4/2025: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa sita kasorobo. Katibu aliandika nakala kwa mkono, polepole, na Pak Wasis alisimama akingoja hadi mstari wa mwisho. Aliisoma yote, akamrudishia kalamu ili aandike jina la marehemu pale palipoandikwa "mke wangu". Katibu aliandika: Sumiyati. Pak Wasis hakusema kama amesamehe, na Katibu hakuuliza tena.

Suprihatin, Mwenyekiti: (saini)
Yustinus Darmanto, Katibu: (saini)