Baba Nasra, Nionyeshe Robota

Baba Nasra,

Naomba radhi nimechelewa kukuandikia. Sikuwa nimekusahau, na wala sikuwa nimekusamehe. Nilikuwa nazitafuta makala zako.

Nimezitafuta kwa simu, kwa kompyuta za maktaba, nimezitafuta na mwanao mgongoni. Sijazipata. Na kwa kuwa ujumbe wangu unaufungua, alama zinageuka bluu, halafu kimya, leo nakuandikia hadharani. Nimeiweka barua hii kwenye lile kundi la wanafunzi wa kompyuta unakoitwa "Kaka Mkubwa". Wadogo zako nao waisome. Na neno "mpendwa" usilitafute huko juu, nimeliacha makusudi.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuja dukani kwa mama mdogo, Kariakoo, umemsindikiza mama yako kutafuta vitenge vya harusi ya dada yako. Ulikuwa unamaliza digrii, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Mama mdogo akatandaza vitenge mezani, akaanza kuapa kama kawaida yake: mzigo mpya, rangi haichuji, haki ya Mungu. Mama yako, mtu wa Mtwara yule, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, maneno sinunui. Nionyeshe robota."

Mama mdogo akacheka, akanituma niwapeleke stoo. Ndiyo desturi ya pale, anayenunua kwa jumla hatoi pesa kwa kiapo. Anapelekwa stoo akalione robota lenyewe, bunda zima la vitambaa na mikanda yake, asome chapa ya kiwanda, achomoe kitambaa cha katikati akinuse. Mama yako akavinusa. Wewe ukaniangalia mimi, ukasema, "Kumbe Kariakoo mnafanya marejeo."

"Marejeo ndo nini?"

"Ndiyo hii. Ukisema kitu kwenye utafiti, unamwonyesha msomaji robota ulikokitoa. Nani kaandika, mwaka gani, jarida gani, ukurasa wa ngapi. Akitaka kwenda stoo mwenyewe, aende, alikute."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunielezea kitu kikaingia namna ile. Mimi mwenye kidato cha nne cha kuungaunga na stashahada ya jioni, nilienda kuomba chuo kwa sababu ya maneno yale. Siku nilipochaguliwa tulikaa Mnazi Mmoja, tukala mihogo ya kukaanga na chachandu, ukanisomea orodha ya masomo yangu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Na mimba ilipokuwa kubwa, ulikuwa unaniwekea kompyuta yako juu ya tumbo. "Acha mtoto azoee joto la mashine," ulisema. Nasra akakupiga teke, kompyuta ikaruka, tukacheka mpaka mwenye nyumba wa Magomeni akagonga ukuta.

Nayasema haya ili ujue kwamba sijasahau mema. Ningeyasahau, hasira yangu ingekuwa nyepesi.

Ukapata kazi Dodoma. Ukasema utarudi na wazee. Wazee hawajaja, na hilo leo siliandiki, lina siku yake.

Nilipofika mwaka wa mwisho nikachagua mradi wangu: programu ya kufuatilia marobota stoo, yenye kuendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika, halafu ukirudi inajisawazisha yenyewe. Kuandika programu niliweza. Kilichonishinda ni sura ya pili, ya kueleza wengine wameandika nini kabla yangu. Nasra alikuwa anaota meno, hanyonyi bila kulia, halali bila kubebwa. Nikakupigia. Hukuchelewa siku hiyo. Orodha ikaingia, ndefu, imepangwa vizuri, namba kwenye mabano, majina ya watafiti, majarida, kila makala na kiungo chake cha kubonyeza na maelezo mafupi ya ilichogundua. Chini ukaandika, "Nimezisoma zote. We weka tu."

Nikaweka tu. Kwa kuwa ulikuwa wewe, sikudai kuona robota. Mama yako asingefanya ujinga huo.

Siku ya kuwasilisha, msimamizi wangu, Madam ambaye sauti yake haipandi hata akiwa anakuchinja, akaniambia, "Mama Nasra, fungua namba tisa."

Nikabonyeza. Ukutani, mbele ya darasa zima, ikatokea makala ya ugonjwa wa kiwele cha ng'ombe. Na picha.

Nikabonyeza tena, labda mkono umeteleza. Ng'ombe yule yule.

"Hii programu yako," Madam akauliza, "inatunza vitenge au inakamua?"

Darasa likapasuka. Nyuma mtu akapaza sauti, "Mama Nasra, tubakizie maziwa!" Nilisimama pale, kifua kimejaa, titi linavuja kwenye blauzi maana saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita, na watu wanacheka maziwa. Madam akanyoosha mkono, wakanyamaza. Akasema niende nimletee makala zenyewe nilizozitaja, moja moja. Nisipoleta, ataandika kwamba nimeghushi vyanzo. Ukishaandikiwa hivyo, mradi unafutwa na mwaka unarudia. Mimi mwaka wa kurudia sina. Mama mdogo amenishikia nafasi dukani na mtoto mgongoni mwake mpaka hapo, na amechoka kama mimi.

Nilikupigia nikiwa bado kwenye korido. Unakumbuka ulivyonijibu?

"Zipo bwana. Tatizo we hujui kutafuta."

Basi nikajifunza kutafuta, Baba Nasra. Nilimwendea mkutubi, nikamwambia ukweli wote, pamoja na uvivu wangu wa kutofungua hata moja. Madam naye nilishamwambia, akanipa muda nirudi na vyanzo ninavyoweza kuvionyesha. Mkutubi hakunisema. Aliniuliza tu, "Unatafuta nini hasa?" nikaanza kumsimulia maisha yangu, akanikatisha: "Mwanangu, kompyuta haijui habari za maisha yako. Nipe maneno matatu." Akanionyesha kufunga maneno kwenye alama za kunukuu ili yaje pamoja. Akanionyesha kwamba ukipata makala moja nzuri umepata ukoo mzima. Ukienda kwenye marejeo yake unawakuta babu zake, ukiangalia nani kaitaja baadaye unawakuta wajukuu. Akanifundisha kuangalia makala imetoka jarida gani au mkutano gani, nani aliikagua kabla haijachapwa, na kama ni ya juzi, kwa sababu kwenye kompyuta mambo yanazeeka upesi. Hata vipande vya programu nilivyochukua mtandaoni akasema vitajwe, na tarehe niliyovitazama. Kazi ya mtu ni ya mtu.

Ilinichukua muda, lakini makala zinaingia akilini. Nasra akilala kwenye khanga chini ya meza ya maktaba, mimi nasoma. Makala nyingi za orodha yako nimeshazifuta, nikaweka nilizozisoma kwa macho yangu. Zimebaki tatu tu. Zile tatu ndizo ulizosema zimethibitisha kwamba njia ya kusawazisha niliyoitumia haipotezi rekodi. Programu yangu nzima imekaa juu ya makala hizo, na hakuna babu anayezijua wala mjukuu anayezitaja.

Ningeendelea kujilaumu sijui kutafuta. Ila wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja kukaa karibu yangu, anafurahi, anataka kunionyesha orodha aliyotumiwa na Kaka Mkubwa. Mradi wake ni wa foleni za hospitali. Nikasoma. Zile tatu zilikuwemo. Watafiti wale wale, mwaka ule ule. Kwangu wamechunguza stoo, kwake wamechunguza wagonjwa.

Nikamwuliza, "Kakwambiaje?"

"Kasema amezisoma zote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe hata hukukaa chini kuniandalia mimi. Uliiuliza akili mnemba, ikakupikia makala zisizokuwepo, wewe ukapakua kwenye sahani ukasema umepika mwenyewe. Ile mashine sina ugomvi nayo, haikuwahi kuniwekea kompyuta tumboni. Wewe ulijua nikikuamini siendi stoo. Na uliponiambia sijui kutafuta, ulijua kabisa hakuna cha kupatikana. Ulikuwa radhi nijione mjinga kuliko wewe uonekane muongo. Hilo ndilo linalonikereketa nikiwa nakunja vitenge, nikiwa namwogesha mwanao, nikiwa kwenye sala.

Nyie mnaosoma humu, orodha zake fungueni moja moja kabla hamjaziweka. Ikifunguka ng'ombe, msimpigie yeye. Nendeni kwa mkutubi.

Wewe sikutakii mabaya. Kula vizuri huko, vaa sweta, kifua chako nakijua. Lakini kusubiri nimemaliza. Ijumaa narudi mbele ya Madam, na ninavyohitaji unitumie kabla ya hapo ni hivi:

Makala ile ya kwanza, ya kusawazisha rekodi, faili lote kuanzia kichwa hadi marejeo yake. Usinitumie picha ya juu tu.

Makala ya pili, pamoja na jina la jarida na ukurasa, nikaikague mwenyewe.

Makala ya tatu, vivyo hivyo.

Kama hazipo, na mimi na wewe tunajua, basi sentensi moja kwa mkono wako, yenye jina lako kamili na namba yako ya zamani ya usajili wa chuo: "Vyanzo hivi havipo, na nilimwambia nimevisoma." Nitaipeleka kwa Madam, nitaifuta ile aya, na nitaijaribu programu mwenyewe stoo kwa mama mdogo mpaka nijue inapoteza rekodi au haipotezi.

Na nakala ya kitambulisho chako. Ni ya cheti cha kuzaliwa cha Nasra, kwenye mstari wa baba bado pako wazi. Ana paji la mama yako na jeuri yake ya kunusa kila anachopewa. Katika yote uliyowahi kuniachia, ni yeye peke yake ambaye chanzo chake nakijua, na sitaki siku moja mtu amwambie hajui kutafuta.

Mama Nasra