Sotet Isiyofunguliwa

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mzee wangu Johana amepulizia ng'ombe dawa ya kupe leo. Nilijua siku itaharibika. Nilijifungia jikoni, hata upande wa zizi sikuangalia. Jioni nikakamua, nikachuja, ndipo nikakumbuka — nilishika komeo la zizi! Na Johana alilishika kabla yangu. Maziwa yote nimemwaga kwenye majani ya nepia, nyuma ya choo. Tumekunywa chai ya rangi. Watu wa Boito, wenye ng'ombe, chai ya rangi!

Johana ameuliza maziwa iko wapi. Nimesema paka amepindua sufuria. Hatuna paka.

Alhamisi, 13 Novemba

Mikono imepasuka kwa kunawa. Nikichuma majani chai utomvu unaingia kwenye nyufa, nauma meno. Nimemuuliza Johana kama alinawa baada ya kupulizia. Ndiyo. Na sabuni? Ndiyo. Hakugusa ndoo? Mama Nelvine, nimekujibu mpaka mdomo umechoka, akasema, akatoka nje. Jibu lake linanituliza kidogo tu, kisha nataka lingine.

Najua ni upuzi. Hilo ndilo linaniua. Kichwa kinajua, kifua hakisikii.

Jumapili, 16 Novemba

Watu wa kina Kiplimo, mchumba wa Nelvine, wametuma ujumbe. Wanakuja kwa koito, kuposa rasmi, Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Nelvine anaimba tangu asubuhi, na sauti yenyewe hana, maskini mtoto wangu.

Mursik ya wageni, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, ni kazi yangu. Mama wa msichana, nani mwingine? Tena itoke kwenye sotet ya mama mkwe, kile kibuyu cha shanga alichonipa nilipoolewa. Baada ya koito kinaenda kwa Nelvine.

Lakini hawaji kunywa tu. Wanachunguza ukoo. Kama kuna mwizi, kama kuna kichaa. Nikiwapa sumu, harusi imekufa. Wakiniona ninavyonawa, imekufa vile vile.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Sotet haioshwi na sabuni, hata mtoto anajua. Ni maji moto, sosiot, kile kijiti cha kusugulia, halafu mkaa wa mti wa senetwet, basi. Nilifanya yote. Nikarudia. Halafu wazo likaja — je, mkaa unaondoa dawa ya kupe? Nikachukua jiki ya kung'arishia nguo. Nikaimimina ndani, nikatikisa.

Kibuyu kinakunywa kila kitu. Sasa kinanuka kama wodi, na hakuna maji ya kuitoa hiyo harufu. Muda huu wote naogopa kutia sumu kwenye maziwa ya watu, na aliyeitia ni mimi mwenyewe!

Nelvine hakupiga kelele. Alinusa, akakirudisha mezani polepole. Mama, unataka nisiolewe? Akaenda chumbani. Haimbi tena.

Jumanne, 25 Novemba

Nimeenda agroveti kwa Jecinta kununua glavu. Jecinta ni Mkikuyu lakini amezaliwa hapa sokoni, ng'ombe zetu anazijua kwa majina. Leo hakunipa glavu. Amenipa kiti.

Mama Nelvine, hizi si za ng'ombe, akasema. Ebu vua hizo ulizovaa nione mikono.

Nikavua. Hakushtuka. Akaniambia ndugu yake Kimotho alikuwa hivi hivi, ila yake ilikuwa gesi. Alikuwa akitoka kazini kurudi nyumbani kuangalia kama amezima, akifika kazini anarudi tena, mpaka wakamfukuza. Waliomba, wakafunga, wakampeleka kwa huyu na yule. Kumbe si pepo. Ni ugonjwa na uko na matibabu. Kesho nafunga duka, tunaenda hospitali sisi wote, na mzee wako pia.

Nimelia katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Aibu gani! Lakini ni mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba kuna mwingine kama mimi.

Jumatano, 26 Novemba

Daktari anaitwa Sagini, kijana wa ndevu tatu. Nilidhani atacheka. Amesikiliza mpaka mwisho. Ugonjwa unaitwa OCD. Amenipa vidonge, na ameonya kwamba havitafanya kazi haraka. Na mazoezi — hofu ikija nisinawe, nisimwage, nisiulize. Niingoje ishuke yenyewe. Ikinizidi nishike kalamu badala ya sabuni.

Kisha akamgeukia Johana. Mzee, akikuuliza kama iko safi, usijibu. Ukijibu unalisha ugonjwa.

Johana akashangaa. Bibi yangu aniulize, ninyamaze tu?

Nyamaza, akasema daktari. Lakini usiondoke.

Jumamosi, 29 Novemba

Phyllis, dada ya Johana, ametuletea sotet yake. Nimekamua, nikachemsha, nikapoza, nikamimina. Bila glavu! Mengine yalimwagika mezani.

Phyllis alitaka kuibeba akailinde kwake. Wacha, akasema Johana, ibaki hapa na yeye. Mursik haitaki kufunguliwa-funguliwa, inataka itulie tu. Kazi yangu ni kuiacha. Sijawahi kupewa kazi ngumu hivyo.

Jumatano, 3 Desemba

Nimekaa mbele yake asubuhi yote. Mkono ulikuwa kwenye kifuniko. Nilimuuliza Johana kama nilinawa kabla ya kukamua ile siku. Alivuta kigoda akakaa karibu nami, kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nilimtukana, nikamtukania na marehemu mama yake. Hakuondoka.

Sikuifungua. Lakini sijisikii kama mtu aliyeshinda. Najisikia kama mtu aliyeacha moto unawaka.

Jumamosi, 6 Desemba

Wamekuja. Wamejaa sebuleni, wazee kwa akina mama. Maombi yamefanywa. Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya friji, kwa sababu nisiposhika kalamu nitashika kitu kingine.

Phyllis aliingia sebuleni na sotet, akarudi nayo, haijafunguliwa. Mama Kiplimo amesema hanywi mpaka aliyeitengeneza ammiminie kwa mkono wake. Amesema kwa heshima. Phyllis amefurahi! Phyllis haelewi.

Kwa mkono wangu. Huu wenye nyufa, atakaouona karibu na uso wake. Na katoto wamekuja nako, mjukuu wao, ameshaomba kikombe.

Nilishika komeo ile Jumamosi? Nilishika? Johana alikuwa amepulizia wiki hiyo au iliyopita? Jiki iko hapo chini ya sinki. Mlango wa nyuma uko wazi, nepia iko hapo. Ni dakika moja tu, nitasema paka.

Nelvine amesimama mlangoni, amevaa nguo yake mpya. Mama, wanangoja. Haangalii sotet. Anaangalia mikono yangu.

Johana ameingia. Nimemuuliza, iko safi? Amefunga mdomo. Nimemuuliza tena, nimemshika koti, niambie tu mara moja, Baba Nelvine, leo tu. Machozi yanamtoka, mzee mzima, na nyumba imejaa wageni. Hajajibu. Hajaondoka.

Naweka kalamu chini. Nachukua sotet, naelekea sebuleni.