Nafasi Yako Juu ya Mizani

S.L.P. 41,
Kettlersburg, Ohio.
18 Agosti 1996

Mpendwa mdogo wangu Curtis,

Salamu nyingi. Nakusalimu kwanza kwa sababu marehemu Mama alitulea hivyo, salamu mbele na ugomvi baadaye. Basi, hujambo? Watoto hawajambo? Mkeo Janelle na ule mguu uliomteguka kwenye barafu, umepona? Natumaini huko Alaska mnakula, mnalala na mnaamka salama. Sisi huku tupo. Mahindi yamestawi, mvua ya Julai haikutunyima, na mume wangu Glen bado analalamikia mgongo wake kama ulivyomwacha.

Hali ya Baba sikuelezi. Wewe unaijua tangu Aprili.

Naandika kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, nawe ungeweka simu chini na kusingizia kuwa laini za Alaska ni mbovu. Barua huwezi kuikata katikati. Kaa kitako, uisome yote.

Ngoja nikueleze nilivyojua, maana Baba hatakueleza na wewe hutauliza.

Unakumbuka tulivyogawana kazi ya trekta letu la mashindano ya kuvuta mzigo tangu Mama afariki. Injini ni zangu, vyuma vya uzito ni vya Baba. Msimu wote wa baridi nilikuwa bandani na injini ya daraja la chini, ile ambayo sheria zinakataza tabo ya kuisukumia hewa na zinakulazimisha kubaki na pistoni za kiwandani, kwa hiyo ushindi lazima uutafute kwenye vitu vidogo vidogo. Nilisaga valvu mwenyewe. Nilisugua njia za hewa kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, mpaka ncha za vidole zikachubuka. Pembeni, juu ya meza, tukaanza pia ile injini kubwa ya daraja la juu, yenye pistoni pana kama sahani, ambayo Baba ameiota tangu tukiwa watoto.

Na kiangazi kilipofika, tukashinda. Si mara moja, Curtis. Kila tulipokwenda, trekta letu la kijani, lile Oliver, lilivuta ule mzigo likaufikisha mwisho wa uwanja, na wenzetu wakabaki njiani na matairi yanazunguka bure. Watu walikuwa wananipa mkono. Fundi wa kule Indiana, mtu asiyesifu hata mkewe, alikuja kuniuliza nimefanya nini kwenye kabureta. Baba anasimama pembeni anasema, "Muulizeni binti, mimi ni dereva tu." Nami nilivimba kichwa, nikaamini.

Jumamosi ya juma lililopita tulikuwa kwenye mashindano ya kikosi cha zimamoto. Baba akaniambia goti linamsumbua, nivute mimi. Sikuona ajabu, maana mwaka jana pale pale nilivuta mimi alipokwenda kumzika rafiki yake. Na mwaka jana, kwa kuwa mimi ni mwepesi kuliko Baba, ilibidi tuongeze vyuma viwili mbele ili trekta lifike uzito wa daraja. Sheria hujaisahau, natumaini. Trekta linapimwa na dereva akiwa amekalia kiti, na vyote pamoja visizidi ratili elfu sita. Anayejua kazi yake hukaribia hapo hapo bila kuzidi.

Basi nikaning'iniza vyuma viwili vya ziada, vile vya reli alivyokata Babu, nikapanda, nikaliingiza trekta kwenye mizani. Delbert, ambaye ametupima tangu tukiwa tunapanda kwa kusukumwa makalio, akatoa kichwa dirishani.

"Marlene! Umezidi, mama. Punguza!"

Nikashuka, nikatoa vile viwili, nikapanda tena.

"Bado! We dada, asubuhi umekula nguruwe mzima aliyechomwa na zimamoto?"

"Nguruwe nilikuachia wewe, Delbert. Hilo tumbo linajieleza."

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nikatoa cha tatu. Bado. Nikatoa cha nne, ndipo mizani ikakubali. Nilikuwa nimekishika kile cha nne mkononi, kizito, kina kutu, nikageuka kumtazama Baba pale kwenye uzio. Alikuwa amevaa koti. Mwezi wa Agosti, jua la saa sita linachoma mpaka lami inanata, na baba yetu amevaa koti lililofungwa vifungo vyote.

Mimi niliye mwepesi kuliko Baba nilikuwa nimezidisha uzito. Sikuhitaji mtu wa kunifanyia hesabu hiyo. Alikuwa akipungua, na kila alichopungua alikijazia chuma, tangu majira ya kuchipua, peke yake bandani, huku mimi nimeinamia kabureta nikijiona fundi.

Nikakumbuka na mbwa wa Baba. Kila jioni navuka barabara nampelekea Baba chakula kimefunikwa, na kila asubuhi sahani imerudi nyeupe. Nilikuwa nasema mzee anakula vizuri. Duke amenenepa mpaka hapandi ngazi za baraza, Curtis. Nilimcheka mbwa yule. Nilimcheka kiangazi chote!

Nikaenda kwenye uzio nikamwambia Baba aje apande mizani.

"Mwanangu, mimi si trekta."

"Panda, Baba."

"Watu wanatazama."

"Watazame."

Akapanda. Mizani ile ni ya malori, haimjali mtu mmoja. Namba ilitikisika kidogo tu ikatulia. Delbert akaisoma, akavua kofia.

Alichosema Baba aliposhuka ndicho kilichonishikisha kalamu. Hakusema anaumwa. Hakusema samahani. Alisema, "Curtis aliniapia hatakwambia." Alidhani ni wewe umenitobolea siri! Wewe! Nilisimama pale mbele ya watu, mafuta mikononi, najifunza kwamba mdogo wangu aliye mwisho wa dunia anajua kilicho ndani ya tumbo la baba ambaye nyumba yake naiona kutoka dirisha la jikoni kwangu.

Halafu mzee akajaribu kunichangamsha. "Lakini umeona tulivyovuta mwaka huu? Ratili zangu nimezipeleka mbele, pua ya trekta haiinuki tena. Ningejua, ningekonda zamani." Akacheka. Nilikuwa bado nimekishika kile chuma, na namshukuru Mungu hakikuniponyoka.

Nilivuta siku ile, maana jina lilishaitwa. Injini ni ile ile, petroli ni ile ile, mikono ni yangu. Lakini uzito ulikuwa umerudi kwenye kiti, na mbele palikuwa pepesi. Sanduku la mzigo, lile linalosogea na kuongeza uzito kadiri unavyovuta, lilipoanza tu kunikandamiza, matairi ya mbele yakapanda hewani, ya nyuma yakachimba shimo, nikasimama mbali kabisa na mstari. Sikumshinda hata mtoto wa Delbert mwenye trekta la kukatia majani. Ndiyo nikajua kilichokuwa kikishinda kiangazi chote. Si valvu zangu. Ni nyama ya baba yetu.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari, nikaingia naye ndani nikakaa kwenye kiti cha karibu, atake asitake. Ni saratani ya tumbo, neno ambalo wewe umelijua miezi minne. Daktari alisema Aprili ilikuwa ndogo, na alitaka kumpasua Mei. Baba akamwambia ana msimu wa mashindano. Sasa imekua. Daktari anasema bado inafaa kujaribu, lakini aliposema alikuwa anatazama meza.

Najua utajitetea vipi. Utasema, "Baba aliniomba." Baba alikuomba pia usihame, mbona hilo hukulitii? Alikuomba uje kumzika Shangazi Irma, mbona ulisema kazi zimebana? Katika yote aliyowahi kukuomba baba yule, ukachagua kumtii kwenye hili moja, lisilokugharimu hata nauli, ukaliita heshima. Hiyo si heshima. Ni uvivu uliovaa suti ya kanisani.

Na Siku ya Akina Baba, mwezi wa Juni, uliniambia mimi kwenye simu, kwa mdomo wako, "Mzee anasikika ana nguvu." Nilikuwa naosha vyombo. Nilifurahi. Nilikwenda kumwambia Glen kwamba Curtis anasema Baba ana nguvu. Naona aibu kukuandikia hili, lakini nataka ulijue, na nataka likukalie vibaya.

Tumegombana na Baba juma zima. Kwanza alisema atakwenda hospitali akishaiunda na kuifunga ile injini kubwa. Nikachukua silinda hedi yake, nikaivusha barabara kwa toroli, sasa iko chini ya meza yangu ya jikoni na Glen anajigonga vidole vya miguu kila asubuhi. Nimemwambia Baba sitaifunga na mtu mwingine, na sitaifunga peke yangu. Akitaka kuisikia ikinguruma, apone aje aifunge yeye na mimi. Siku mbili hakuvuka barabara kuja kwangu.

Siku ya tatu akaja jikoni akaketi. Amekubali kupasuliwa Jumanne, tarehe tatu Septemba, siku moja baada ya sikukuu ya wafanyakazi. Lakini ana sharti. Jumamosi ya juma hilo hilo ni maonyesho ya kaunti, na tangu arudi kutoka vita vya Korea hayajawahi kupita maonyesho bila trekta letu sisi akina Kuhlman kufungwa mnyororo kwenye mzigo. Akasema, "Marlene, jina likiitwa kwenye kipaza sauti na asitokee mtu, watu watajua nimekwisha. Na mimi nikijua kwamba wanajua, sitaamka kwenye kile kitanda." Hakuwa anatania. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, na pete ya ndoa ameifunga uzi ili isidondoke.

Mimi Jumamosi hiyo nitakuwa hospitalini, kwenye kiti, karibu na kitanda chake. Hilo silijadili na mtu. Mpaka sasa wewe ulikuwa na siri yake na mimi nilikuwa na sahani zake, na kukaa naye nitakaa mimi. Glen na mgongo ule hawezi kupanda trekta. Delbert amejitolea, na Baba amekataa. Anasema jina likiitwa Kuhlman, atoke Kuhlman.

Basi utakuja wewe. Sikuombi. Kama ni nauli, uza ile boti unayotutumia picha zake. Kama ni kazi, waambie baba yako anaumwa, na safari hii litakuwa neno la kweli. Njoo kabla ya Jumanne ili akuone ukiwa umesimama mlangoni, asikusikie tu kwenye simu ukimsifu ana nguvu. Ukifika sitakupiga. Nitakutukana kidogo barazani, kisha utaingia ndani ule.

Jana Delbert alinifungulia mizani, tukalipima Oliver tupu, bila mtu kwenye kiti. Uzito wako nimeukisia kwa ile picha ya Krismasi, na sikukupendelea. Kisha nikavitoa vyuma vya mbele kimoja kimoja, mpaka nafasi iliyobaki ikawa ya mwili wako. Sitaongeza hata kipande. Usipokuja, trekta litafika kwenye mizani likiwa pungufu, na kaunti nzima itaona limepungua kiasi gani na kwa sababu ya nani. Msimu mzima baba yako amejaza nafasi ya mtu kwa vyuma. Hii yako nataka ijazwe na mtu.

Msalimie sana Janelle, umwambie yeye sina neno naye, isipokuwa kama na yeye alijua. Wabusu Kayla na Brent. Shangazi Verna anakusalimu na anauliza kama huko kuna kanisa. Glen anasema njoo na buti, uwanja ukinyeshewa ni tope.

Mungu akulinde angani na barabarani, akufikishe ungali na aibu, maana ukiwa nayo ndipo utakapofaa.

Mimi dada yako, akupendaye na aliyekukasirikia, na yote mawili ni kweli,

Marlene

Baadaye: Baba amepita hapa jikoni, ameona jina lako juu ya bahasha. Amesimama ameshikilia kiti, kisha akasema, "Mwambie asinenepe kabla ya Jumamosi."