Mjomba, Kiti cha Nyuma Ulikikataa Wewe

Mpendwa Mjomba,

Salamu nakupa kwa sababu ya dini tu, maana mimi mwenyewe amani na wewe sina. Wenzangu wakifiwa hulia. Mimi nimelia nikamaliza, sasa nimebaki na hasira, na sijui pa kuipeleka ila kwako. Nakuandikia kwa Kiswahili hiki cha barua ulichonifundisha kwa fimbo ya mpera, kwa sababu matusi ya Kibuki, lugha ya huku kwetu, ungeyasikia mno, na ya Kifaransa, ambayo ninayo mengi kuliko polisi wa Marseille, usingeyaelewa.

Unalikumbuka lile duka la pikipiki pale Mahajanga? Bendera yetu ilikuwa mpya hata rangi haijapauka. Nilikuwa nimerudi kutoka melini, mimi mpwa wako niliyekula samaki Jibuti na kukataa mke Diego, nimekuja kununua pikipiki ya safari ndefu. Lakini kwetu mtu hanunui kitu kikubwa bila mjomba wake kukaa na kusema, basi nikakupeleka. Nikakupa kofia iliyonyooshwa. Nikakukalisha kitini. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Zilikuwa mbili, pacha. Moja ya kawaida: tandiko moja, keria ya chuma nyuma, basi. Ya pili waliita ya luksi. Kioo cha kuzuia upepo, masanduku ya ngozi ubavuni, vyuma unaweza kunyolea ndevu ukijitazama, na kiti kirefu cha watu wawili, laini kama shavu la mtoto. Mimi macho yangu hayakuwa kwenye vyuma, Mjomba, ingawa najua watu wa mtaani kwetu Mahabibo walisema hivyo. Yalikuwa kwenye kile kiti.

Mwenye duka akakuambia kwa adabu zote, "Mzee, sasa tuna uhuru. Chukua ya luksi."

Nawe ukajibu, "Uhuru ndio mpya. Barabara ni ile ile."

Duka zima likacheka. Hata mimi nilicheka, mjinga mimi. Ukaendelea: masanduku yatakwama kwenye matuta, kioo kitapasuka kabla ya Antsohihy, vyuma vitaita husuda. Nikakunong'oneza, "Na kiti, Mjomba? Wewe utakaa wapi?" Ukanitazama kama niliyekuvua kanzu mbele za watu. "Mimi? Nikukumbatie kiuno kama mwali? Mzee hapakiwi." Kisha ukamgeukia mwenye duka, "Tunachukua ya kawaida."

Na mpwa hampingi mjomba wake mbele ya mgeni. Wewe ulilijua hilo. Ndiyo maana ulisema kwa sauti!

Ilikuwa ya nini pikipiki ile, Mjomba, kama si yako? Tangu ujana wako, ulipotapika njia nzima kutoka Nosy Be mpaka Mahajanga, uliapa hupandi tena chombo cha bahari kuu. Na mama yangu, dada yako wa tumbo moja, kule Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, naye akaapa: "Yeye ndiye mwanamume, aje yeye." Mkazeeka hivyo, kila mmoja ananiuliza mimi kama mwenzake bado ana meno. Basi mimi, mtu wa akili niliyeacha shule kabla shule haijaniharibu, nikaipata njia: nikupeleke kwa barabara mpaka gati ya Antsahampano, tuvuke pale padogo tu mpaka kisiwani. Ukakubali, "Hiyo si bahari, hilo ni dimbwi." Njia umekubali, chombo umekubali, kiti ukakikataa! Msimu ukapita pikipiki ikibeba mchele na mbuzi wa watu, na mama akingoja.

Halafu ile Ijumaa. Miguu imekuvimba, adhana imeshaadhiniwa, na msikiti uko mbali. Nikafunga mto wa sufi juu ya keria, nikatazama pembeni kama sikuoni. Ukapanda! Ukakaa upande, kanzu umeikusanya, mkono mmoja begani kwangu, kiunoni hungenishika hata kwa bunduki. Tukapita Mahabibo, wanawake na msindanu wao, ile liwa ya kujipaka, usoni wamejaa barazani, mmoja akapiga kigelegele, "Haya, mwali katoka!"

Nawe, "Mwali mwenye ndevu hamjamwona?"

Kwenye kona ukanifinya bega. "Punguza." Nikapunguza. Tukaenda kidogo. "Nimesema nini?" "Umesema nipunguze, Mjomba." "Basi ongeza."

Uliposhuka ulikuwa unatabasamu kama aliyeiba. Ukaniambia, "Mvua zikikatika, tunakwenda kwa dada." Homa ikakuchukua mvua bado zinanyesha. Hilo ndilo siwezi kukusamehe. Si kufa, kila mtu atakufa, hata mimi, ingawa itakuwa hasara kubwa kwa bandari nyingi. Ni kuonja utamu dakika za mwisho kisha ukaondoka, baada ya kutunyima miaka yote.

Mvua zilipokatika nilikwenda peke yangu. Sikuufungua ule mto, mkono ulikataa. Mama alitoka mlangoni, kabla ya kunisalimu akatazama nyuma yangu, ingawa matanga yako alikuwa ameyamaliza.

"Na huo mto?"

"Wa Mjomba. Alikaa hapo kwenda msikitini."

Hakulia, Mjomba. Aliwaka! "Kwa Mungu kapanda, kwa dada yake asipande?" Akauzunguka mto, akaupiga makofi kuutoa vumbi, akaupiga tena pasipo na vumbi. Kisha akasema, "Geuza hicho kidude. Nipeleke Mahajanga nikamgombeze."

Nikamwambia mwanamke haingii makaburini. "Nitasimama nje ya ukuta," akasema. "Sauti yangu inafika."

Nikamwomba basi angoje, niende dukani nikalete kile kiti cha ya luksi, kile kirefu, laini, maana njia ni ndefu na yeye ni mifupa mitupu. Akanikata kwa jicho lile mnalofanana.

"Alipokaa kaka yangu, ndipo nitakapokaa."

Basi nakuandikia kutoka Ambatoloaka, mama ameshafunga kibunda chake na amekaa juu ya keria tangu asubuhi kana kwamba nitamkimbia. Jiandae, Mjomba. Hasira yangu umeisoma; yake ni mama wa hii. Tutasimama pale ukutani, na mimi nitazima injini, ili usije ukasema hukusikia.

Mpwa wako,
dereva wa dada yako