Sauti ya Mama Mkwe Ndani ya Helmeti

Bi. Deka, pokea salamu zangu kutoka hapa Machakos mjini. Nimesoma majibu yako kwa wengine gazetini kwa muda mrefu nikicheka, leo zamu imekuwa yangu na sicheki, na nakuomba unisaidie kwa sababu jambo hili siwezi kumpelekea mzee yeyote wa kwetu bila kuonekana mtu asiye na haya.

Mimi ni fundi wa redio na simu, nina mke, tumwite Ngina, na mtoto wetu wa kwanza bado ni mchanga kabisa, na nina pikipiki kubwa, si hizi za boda boda, ni ile ya safari za mbali yenye matairi ya meno na masanduku ya bati ubavuni, niliyoipata mnadani mradi mmoja wa maji ulipofungwa kule Masinga, na kabla mke wangu hajapata mimba tulikuwa tunazunguka nayo kila Jumapili, ila shida ilikuwa upepo, yeye ananiambia kitu huko nyuma na mimi nasikia vuu vuu tu, tunafika tukiwa tumenuniana. Basi nikaenda kwa Abdiaziz anayeuza vyombo vya umeme akaniagizia intakomu, yaani spika ndogo za kuweka ndani ya helmeti karibu na masikio, maiki ya kidevuni inayojiwasha yenyewe mtu akifungua mdomo, na kisanduku cha kuunganisha helmeti mbili. Nikaifunga mwenyewe. Kisanduku nilikiweka chini ya kiti cha nyuma karibu na betri kisinyeshewe, swichi nikaiacha huko huko ndani, pikipiki ikiwaka nacho kinawaka, na kwa kuwa plagi ya helmeti ya Ngina ilikuwa inachomoka kila tukiruka tuta, nikaikata nikalehemu waya moja kwa moja. Nilijiona fundi kweli kweli.

Sasa Ngina alipojifungua, mama yake alitaka kuja kumsaidia na kumwona mjukuu, na mvua zilikuwa zimeharibu barabara hata magari ya kwao Muthetheni yakaacha kwenda, ndipo Ngina akaniambia, "Wewe uko na pikipiki ya kupita kwa matope na umeketi tu hapa. Enda ulete mama." Nikamuuliza, "Mama apande nyuma yangu mimi?" Akasema, "Si muweke gunia katikati." Nawe umekaa na sisi Wakamba, unajua nthoni, ile heshima ya mtu na mama mkwe wake, hamshikani mikono, hamketi benchi moja, ukikutana naye njiani unampisha ukiangalia majani, na hata sasa nyumbani kwangu mama akitaka kuniambia kitu humwambia mtoto, "Kijana, ambia baba yako huu mlango unapiga kelele," na mtoto mwenyewe hajui hata kushika kichwa.

Nikaenda, na kumbe mama alikubali, tukaweka gunia la mbaazi katikati yetu, nikaiacha helmeti ya Ngina juu ya kiti, nikageuka kuangalia ua mpaka alipomaliza kuivaa. Sikumwambia kwamba helmeti ile inasikia. Ningeanzaje Bi. Deka, nimwambie mama kwamba mdomo wangu utakuwa kwenye sikio lake? Nikafikiri, mama wa umri huu hajawahi kupanda pikipiki, atanyamaza kwa hofu mpaka mjini.

Hakunyamaza. Tulipolipita tu soko la Muthetheni alianza kuimba wimbo wa kanisa, polepole, na ndani ya masikio yangu ilikuwa ni kama ameketi begani, nikataka kuzima lakini swichi iko chini ya pale alipoketi, ingebidi nisimame, nimwombe mama mkwe ainuke, kisha niingize mkono wangu mahali alipokuwa amekalia, na hilo nisingeweza hata kwa bunduki. Nikajiambia basi aimbe, angalau najua hajaanguka. Mimi mwenyewe nilifunga mdomo kabisa ili asinisikie, ila nilikuwa na mafua, na tulipopita Mwala kikohozi kilinishinda kikatoka. Wimbo ukakatika. Nikasikia, "Ni nani huyo?" Nikakaza macho kwenye matope. Tukaenda kitambo kirefu hivi, halafu akaanza kuomba kwa Kikamba, nami nakuandikia kwa Kiswahili vile nilivyosikia.

"Ngai wangu, hiki kitu kilikuwa kama punje ya mbaazi, sasa ni kama yai, na kimeanza kuniuma nikilala. Na sitaki msichana wangu ajue. Ako na mtoto mchanga. Akilia, maziwa yake yatakauka, na mtoto atakula nini? Niache mpaka kijana apate nguvu, halafu ukitaka kunichukua, nichukue. Lakini naogopa, Ngai wangu. Naogopa sana."

Na mahali kitu chenyewe kilipo alipataja pia, Bi. Deka, ni mahali ambapo mwana mkwe hata jina lake hawezi kuandika, mahali Ngina aliponyonya, nadhani unanielewa. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama mama hata kivuli, akiingia jikoni mimi natoka, na Ngina ameanza kununa, jana ameniuliza, "Kwani mama yangu amekukosea nini? Anakupikia, anakuoshea mtoto, na wewe unamtoroka kama mtu anayekudai." Nikisema, nitasemaje nilijua? Nitakuwa nimesikiliza maombi ya mama mkwe, na maombi ya mwili wake. Nikinyamaza, namwona mama akibadilisha mkono wa kubebea mtoto, na najua ni kwa nini, na usingizi sipati. Wazee husema nthoni ikivunjwa hutolewa mbuzi, sasa nitoe mbuzi kwanza kabla ya kusema, ama nisubiri mtoto akue kidogo kama mama alivyoomba, ama nifunge mdomo kabisa, maana Jumamosi natakiwa kumrudisha Muthetheni. Naogopa kumpoteza mama na naogopa kuivunja nyumba yangu.

Mimi, Mkwe Mwenye Aibu.

BI. DEKA ANAJIBU

Pole, mwanangu. Nimekuhurumia, na sasa nikishamaliza kukuhurumia nitakugombeza, maana huna muda wa vyote viwili kwa urefu.

Neno ni titi. Nimekuandikia mimi ili lisikukwame tena kooni. Mama mkwe wako ana uvimbe kwenye titi, unakua, na umeanza kumuuma. Ukisoma sentensi hiyo mara moja utaona kwamba habari ya helmeti, swichi na gunia la mbaazi ni ndogo sana.

Unasema hukuweza kuzima. Waya wa helmeti ya nyuma uliulehemu, sawa, lakini huniambii popote kwamba uliulehemu na wako. Plagi yako ilikuwa hapo kifuani mwako. Ungeichomoa kwa mkono mmoja bila kupunguza mwendo. Hukuichomoa kwa sababu ulipoanza kusikia ulitaka kusikia mpaka mwisho, kama ambavyo ningetaka mimi na kama ambavyo angetaka yeyote. Basi usijifanye uliyefungwa kamba. Ulisikia kwa masikio yako, na mtu aliyesikia ana wajibu.

Mimi si Mkamba, lakini nimezaliwa hapa Machakos na kulelewa na majirani Wakamba, na nthoni naijua kuliko vijana wengi mnaoitaja. Nimemwona bibi wa jirani yetu akimwambia kuku, "Wewe kuku, mwenye nyumba amesahau koti lake na mvua inakuja," na mkwe wake akarudi kuchukua koti. Mama wa namna hiyo hukosi kumwelewa ukitulia. Alikuwa anaimba. Akasikia kikohozi ndani ya helmeti, kikohozi cha mwanamume, na mwanamume aliyekuwepo njiani ni mmoja. Akauliza ni nani, akanyamaza, akafikiri. Halafu ndipo akaanza kusema. Mimi sikuwepo na sitaapa, lakini jiulize: mama anayekutumia habari za mlango kupitia mtoto asiye na meno, angeshindwa kukutumia habari ya kifo kupitia kwa Mungu? Kwa binti yake hawezi kusema. Kwako usoni hawezi kusema. Alibaki na njia gani nyingine?

Na hata kama hakujua, hata kama alidhani ni injini iliyokohoa, jibu langu ni lile lile.

Mbuzi mwache kwanza. Baba yangu ameuza mbuzi katika mji huu maisha yake yote, kwa hiyo ujue ninapokuambia usinunue, naharibu biashara ya nyumbani kwetu. Mbuzi utatoa mama akishapona, na atakula nyama yake akiwa na hamu ya kula. Ukitoa sasa utamfanya kila mtu aulize mbuzi ni wa nini, na utaanza kudanganya.

Kungoja mtoto akue, hapana. Huo uvimbe haunyonyeshi mtu, hauna sababu ya kungoja. Uvimbe mwingine hutolewa na mtu akarudi kwake akalima, na mwingine ni mbaya, na hakuna anayejua ni upi kwa kuutazama juu ya nguo wala kwa kuusikia kwenye spika. Daktari ndiye ataupima. Na maziwa ya Ngina msiyaogope hivyo; mama zetu wamenyonyesha katika ukame na katika matanga. Yakipungua, mtoto awekwe kifuani mara nyingi zaidi, na muuguzi wa kliniki amwelekeze.

Leo, si kesho, kaa na mke wako mama akiwa nje. Mwambie ulivyofunga kile chombo, ulivyokohoa, na maneno yote ya mama kama ulivyoniandikia mimi, hata lile la kuogopa, usilipunguze. Atalia, na pengine atakurushia kitu. Kubali. Kisha yeye ndiye ataongea na mama, si wewe. Hiyo ni kazi ya mtoto wa kike, nawe heshima yako itabaki mahali pake. Jumamosi mama haendi Muthetheni. Tafuta gari la kumpeleka hospitali, kwa sababu mtu mwenye maumivu habebwi juu ya matairi ya meno, na wewe ubaki na mtoto.

Nimemwomba mhariri aitoe barua hii Alhamisi hii badala ya mwezi ujao, na majina yote nimebadilisha. Lakini sijajidanganya. Pikipiki ya namna hiyo, yenye helmeti zinazoongea, hapa mjini si nyingi.

Kwa hiyo, dada yangu unayesoma haya ukiwa umepakata mtoto mchanga, kama umejitambua, usianze na mume wako. Yeye utamgombeza baadaye na mimi nitakusaidia. Weka gazeti chini, nenda jikoni, umwambie mama yako kwamba unajua, na kwamba haendi popote peke yake.