Usaili wa Dada kwa Nafasi Iliyokwisha Kujazwa

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii. Watu wa chuo wamemfanyia dada ushenzi.

Si unajua alivyofundisha pale kama kibarua miaka yote? Wakamwahidi tawi jipya la mkoani likifunguliwa, uhadhiri wa kudumu ni wake. Leo ndiyo alikuwa na usaili.

Yuko katikati ya kujibu swali, mlango ukafunguliwa. Jamaa mmoja wa suti akachungulia: "Samahani wakuu, mimi ndiye mhadhiri mpya wa fizikia kule tawini. Ufunguo wa ofisi nachukua kwa nani?"

Mhadhiri mpya! Wa fizikia! Nafasi ileile!

Dada akamuuliza, "Umeajiriwa lini, mdogo wangu?"

Yule bila hata haya: "Wiki iliyopita."

Wasaili wote macho mezani. Dada akawageukia, "Sasa mimi mnanihojia kazi gani?"

Mwenyekiti, lile zee la kitambi, eti: "Ni utaratibu tu, mama. Vipindi vya jioni bado vipo."

Vipindi vya jioni! Hebu fikiria!

Dada hakuinuka. Akasema, "Maswali yamebaki. Ulizeni." Wakauliza huku jasho linawatoka, naye akajibu mpaka la mwisho. Kisha akawaambia, "Hivyo vya jioni mfundishe wenyewe," akatoka.

Sasa yuko jikoni anasugua masufuria yaliyo safi. Hata kile kibarua hana tena. Njoo, lakini ole wako umpe pole, atakutupia sufuria.