Iache Ipoe

Rusimbi, Kigoma
Alhamisi

Kaka yangu Jeremia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Esther na watoto. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Nimeandika kwa sababu nikikupigia simu na kumtaja Baba, mtandao wa Mwanza unakatika. Mwaka wa tisa huu unakatika palepale. Karatasi haikatiki, labda uichane, na ninajua huna roho hiyo.

Tangu apate kiharusi mwezi wa kwanza, Baba yuko kwangu. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na kwa miezi mitano hakutoa hata neno moja. Fundi aliyegombana na kila injini ya boti pale Ujiji amekaa kimya, uji ukija anageuza uso. Daktari alituambia tumrudishie vitu alivyovipenda. Nilijiuliza injini nitaitoa wapi sebuleni.

Mume wangu Nickson, karani wa watu asiyewahi hata kugusa helikopta, ana programu ya kujifunza kuirusha kwenye kompyuta. Ndiyo starehe yake akitoka kazini. Siku moja aliiwasha, Baba akageuza kichwa. Tangu hapo kila saa kumi jioni naiwasha mimi. Siirushi, kaka, mimi hata ngazi ya dari naiogopa. Naiacha palepale chini, kwenye sailensa, inaunguruma taratibu bila kwenda popote. Baba anaweka kiganja cha kushoto mezani karibu na spika, anasikiliza kwa mkono. Baada ya hapo anakula. Jirani yangu Yasmini anasema nimemfundisha mzee gemu uzeeni. Mwache aseme, uji unaisha.

Juzi Jumanne niligusa pasipoguswa, injini ikapanda ikanguruma kwa nguvu zake zote. Nikashtuka, nikapeleka mkono haraka niizime. Baba akanishika kifundo cha mkono. Akasema, kwa ulimi mzito lakini neno kwa neno: "Iache ipoe. Safari hii iache ipoe."

Kaka, nilikaa sakafuni nikalia. Nickson alipiga makofi kwa furaha kwamba mzee amesema. Alidhani nalia kwa furaha. Haikuwa furaha, na sasa nitakuambia kwa nini.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha: injini iliyotoka safari haizimwi ghafla. Unaiacha iungurume dakika tano ipoe, la sivyo oili inaungulia ndani. Wiki ile ya mwisho ya boti letu kazi hiyo alinipa mimi. Kila jioni boti lilipofika Kibirizi na abiria kushuka, niliizima papo hapo, ya moto, nikimbilie mazoezi ya kwaya. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilipewa kuimba peke yangu ubeti wa kwanza. Jumamosi injini ikafa ziwani mbele ya Mwamgongo, upepo ukalitupa boti kwenye mawe, na rafiki yako Adolf hakurudi.

Baba aliifungua injini ile, akaitazama ndani, akaifunga. Msibani alisimama akasema mkono uliokosea ni wake. Wewe ukamwambia yale maneno mbele za watu, ukaondoka. Watu wa Ujiji wakapeleka injini zao kwa mafundi wengine. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika beseni la kunawia, nikanyamaza. Miaka yote hii nilijifariji kwamba hajui. Kumbe alijua tangu siku alipoifungua.

Mkono wa Baba haukukosea, kaka. Ni wangu. Mimi nichukie utakavyo, lakini njoo umwone yeye angali anasema.

Kabla ya kuifunga barua hii nimemsomea yote, maana nimechoka kufanya mambo nyuma yake. Nilipofika kwenye habari ya kwaya alinyoosha kidole akakigonga kwenye karatasi, akitaka niyafute maneno yale. Nimekataa. Ni mara yangu ya kwanza kumkatalia Baba.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto. Nickson anakusalimu. Baba hakutuma salamu, aliuliza tu kama basi la Mwanza bado linaingia jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Agnesi